Aliyeishiwa Hoja na Aliyekosa Kauli

Aprili 1861, katika hospitali ya Bicêtre pembezoni mwa Paris, mzee wa miaka 51 alihamishiwa wadi ya upasuaji. Mguu wake wote wa kulia ulikuwa umevimba na kuanza kuoza. Jina lake lilikuwa Leborgne, lakini hospitali nzima ilimwita Tan, kwa sababu kila alipoulizwa jambo alijibu silabi hiyo moja, mara mbili mfululizo. Akikasirika, hasa akiona haeleweki, lilimtoka tusi zima la Kifaransa bila kukwama. Tusi likishapita, ulimi ulirudi pale pale.

Mpasuaji aliyempokea, Paul Broca, alimwuliza amekaa Bicêtre miaka mingapi. Leborgne alifungua kiganja mara nne, kisha akainua kidole kimoja. Miaka 21, na ndivyo ilivyokuwa. Kesho yake Broca aliuliza tena, akapata jibu lile lile. Aliporudia mara ya tatu, mgonjwa alitambua kwamba anajaribiwa, akaghadhibika, na tusi likamtoka. Kwangu mimi hasira ile ni ushahidi mzito kuliko hesabu yenyewe, kwa kuwa asiye na akili timamu hatambui kwamba watu wanaipima akili yake.

Tarehe 17 mwezi huo Leborgne alifariki. Maiti ilipopasuliwa, upande wa kushoto wa ubongo, sehemu ya mbele, ulikutwa na shimo la kutosha yai la kuku, limejaa majimaji. Siku iliyofuata Broca aliupeleka ubongo huo mbele ya Chama cha Anthropolojia cha Paris, ambako kwa wiki kadhaa wataalamu walikuwa wakibishana kama usemi una makao yake maalumu ubongoni. Miezi michache baadaye aliletewa mzee mwingine, Lelong, mwenye umri wa miaka 84, aliyebakiwa na maneno matano tu. Kwa kila idadi alikuwa na neno moja, “tatu”, nalo alilitamka vibaya. Alipoulizwa ana watoto wangapi, alisema tatu huku akinyoosha vidole vinne. Wa kiume? Tatu, vidole viwili. Wa kike? Tatu, vidole viwili. Mdomo ulikosea, mkono ukasahihisha. Alipofariki naye, jeraha lilikutwa karibu mahali pale pale.

Hali hiyo Broca aliipa jina afemia, akiliunda kutokana na kitenzi cha Kigiriki cha kusema na kiambishi cha kukanusha. Alikusudia kueleza mtu ambaye masikio, akili na misuli ya mdomo vyote vinafanya kazi, ila njia ya kuligeuza wazo kuwa neno imekatika.

Jina hilo halikudumu miaka mitatu. Mwaka 1864 Armand Trousseau, tabibu mashuhuri wa hospitali ya Hôtel-Dieu, alitangaza kwamba halifai. Alikuwa amemwendea msomi wa Kigiriki, Chrysaphis, aliyemweleza kwamba kwa Kigiriki neno afemia hubeba maana ya aibu, yaani kupoteza jina jema. Badala yake alipendekezewa afasia. Trousseau akashauriana pia na Émile Littré, bingwa wa kamusi ya Kifaransa, naye akaliridhia. Kwa uzito wa watu hao, jina jipya likashika mara moja.

Broca hakunyamaza. Januari ya mwaka huo huo alimwandikia Trousseau barua iliyochapishwa katika gazeti la hospitali. Alijibu kwamba afasia ina maana yake ya zamani, na maana hiyo ni ya barazani, haihusu wodini. Ni hali ya mtu aliyebanwa katika mjadala hadi akaishiwa hoja.

Hapo Broca alikuwa na haki. Wanafalsafa wa shaka wa Ugiriki, wafuasi wa Pyrrho, walilitumia neno hilo kwa heshima kubwa. Timon, mwanafunzi wa Pyrrho, alifundisha kwamba anayeshika njia yao hupata kwanza afasia, kisha utulivu wa nafsi. Karne nyingi baadaye Sextus Empiricus aliliandikia sura nzima: afasia ni kujizuia, kutothibitisha wala kukanusha jambo lisilo dhahiri. Sextus huyo alikuwa tabibu. Hata mganga, basi, aliposema afasia, alikuwa na maana ya ukimya anaouchagua mwenye ulimi mzima.

Tofauti hii si ya kamusi peke yake. Katika elimu ya balagha, anayenyamaza ama ameshindwa ama ameamua, na kwa vyovyote vile ukimya wake unatuambia jambo kuhusu fikra zake. Ukimya wa Leborgne haukutuambia lolote kuhusu fikra zake, na hilo ndilo Broca alilolitetea. Kuwaita wote wawili kwa jina moja ni kuacha mlango wazi kwa dhana ile ya zamani kwamba asiyesema hana la kusema. Nani hajaona mgonjwa wa kiharusi akizungumziwa kichwani pake, ndugu wakiamua mambo yake mbele yake kana kwamba hayupo, ilhali macho yake yanafuata kila neno?

Kuhusu jina Broca alishindwa. Vitabu vyote vya tiba leo vinasema afasia, na afemia imebaki kwa hali adimu ya mtu asiyeweza kutamka lakini anaandika vizuri. Kuhusu mpaka wenyewe kati ya fikra na usemi hakulegea. Mwaka 1868 alikwenda Norwich, Uingereza, akawapangia wanasayansi waliokusanyika huko aina nne za kukosa usemi. Wa kwanza hana usemi kwa kuwa fikra zenyewe zimeharibika. Wa pili amesahau uhusiano wa maneno na maana zake. Wa tatu anayo fikra na anayajua maneno, ila hawezi kuyatoa. Wa nne amezuiwa na ulimi au mishipa inayouendesha. Leborgne na Lelong aliwaweka katika fungu la tatu, na fungu hilo aliendelea kuliita afemia.