Nyota iliyolipuka 1987: Nani aliiona Kunduchi?

Wadau, hii stori huwa inaniuma kidogo. Februari 1987, kule Chile, Oscar Duhalde wa kituo cha Las Campanas alitoka nje usiku, akacheki angani, akaona nyota ngeni. Akarudi kazini, kimya! Mpaka Ian Shelton alipoikuta kwenye picha aliyopiga, ndipo Duhalde akasema naye ameiona.

Nyota ilikuwa imelipuka ndani ya Wingu Kubwa la Magellan. Si wingu la mvua, ni galaksi ndogo inayoambatana na yetu. Mwanga wake ulisafiri miaka kama 160,000 kutufikia. Mlipuko wa nyota kuonekana hivyo bila darubini, mara ya mwisho ilikuwa 1604!

Sasa njoo Kunduchi. Machi ile, saa mbili usiku, mvua ikikaa pembeni, ilikuwa pale kusini. Na wazee wa ngalawa nyota walizijua, maana ndizo zilizowarudisha nyumbani. Ila kwenye hii stori sijakuta jina la mvuvi wetu hata mmoja.

Kama babu yako alikuwa anavua mwaka ule, muulize leo, halafu uje utuambie hapa chini.