Droo za Kadi Mlimani

Nilipoanza masomo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kitabu ulikitafuta kwa vidole. Maktabani kulikuwa na makabati ya droo nyembamba, na ndani yake kadi zilizotobolewa chini na kupitishiwa chuma ili zisichomoke. Kitabu kimoja kilikuwa na kadi ya mwandishi, ya jina la kitabu na ya mada. Kadi zilizoshikwa sana zilikuwa zimelainika na kuingia weusi kwenye ncha. Kwa weusi huo tu ulijua wenzako wanasoma nini. Unanakili namba kwenye kikaratasi, unapanda ngazi hadi rafuni, na mara nyingi unakuta pengo. Lakini majirani wa pengo lile walikuwa na mambo! Nusu ya tasnifu yangu ilitokana na vitabu ambavyo sikuwa nimevitafuta.

Mwaka 2009 mkongo wa intaneti wa SEACOM ukafika pwani yetu. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, ghali na ya mwendo wa kobe. Mwaka 2018 Mlimani ikapata maktaba mpya, iliyojengwa kwa msaada wa China.

Sasa binti yangu yuko chuoni, naye hupata makala kwa simu akiwa ndani ya daladala. Namfurahia kweli kweli. Ila juzi nilimuuliza makala aliyokuwa akiisoma imeandikwa na nani, lini, wapi. Sisi kadi ilitwambia hayo kabla hatujagusa kitabu. Alinyamaza, kisha akaanza kuusogeza ukurasa kwa kidole gumba, akitafuta jina.