Mpaka Kati ya Majirani

Kijana msomaji, huenda ukadhani ya kuwa historia ni habari ya wafalme, vita na safari za mabaharia peke yake. Lakini utazame ua uliopandwa kati ya shamba la baba yako na shamba la jirani yake. Ua huo nao una historia, na si historia ndogo. Ni mstari wa majani na miiba tu, walakini umejaza watu mahakamani, umewafanya wenye kutunga sheria wakeshe, na umewafarakanisha ndugu waliokula chungu kimoja. Haya tufuate pamoja njia aliyoipita mwananchi wa Kenya, kwa muda wa karibu miaka mia moja, alipotaka kumwambia jirani yake, "Umevuka mpaka," bila ya kushika panga.

Zamani wazee ndio waliokuwa hati, na kumbukumbu zao ndizo zilizokuwa ramani. Kwa Wakikuyu, kwa mfano, mpaka ulipowekwa, wazee na majirani walikusanyika, wakaupita mpaka wote kwa miguu, na kupanda juu yake mmea uitwao itoka. Mtu aliyethubutu kuung'oa mmea huo usiku ili aongeze shamba lake alihesabiwa kuwa mkosaji mkubwa, akaogopewa kama mtu aliyejitafutia laana. Ugomvi ukizuka, baraza la wazee, yaani kiama, lilikwenda mahali penyewe, likasikiliza mashahidi na kuamua. Nguvu ya baraza hilo ilikuwa katika ujuzi: waliohukumu waliijua ardhi na waliwajua watu. Udhaifu wake ulikuwa huu, kwamba shahidi akifa, ushahidi wake huzikwa pamoja naye.

Serikali ya kikoloni iliyaingiza mabaraza ya namna hiyo katika sheria yake. Mwaka 1930 ilitungwa sheria ya mabaraza ya wenyeji, na mwaka 1951 mahali pake pakashikwa na sheria ya mahakama za Waafrika. Mashauri ya ardhi yakawa mengi, na sababu yake haikufichika. Ardhi nyingi ilikuwa imetwaliwa na walowezi, watu nao walikuwa wakiongezeka, na mtu mmoja aliweza kuwa na vishamba kadha wa kadha vilivyotawanyika huku na huku. Jaribu kuhesabu mwenyewe: penye vishamba vingi pana mipaka mingi, na penye mipaka mingi pana majirani wengi wa kuteta nao.

Mwaka 1954 ulitolewa mpango wa Swynnerton, ambao ulikusudia, pamoja na mambo mengine, kukusanya vishamba vya kila mtu mahali pamoja na kumwandikia hati. Ili kazi hiyo isikwame, mwaka 1956 mashauri ya ardhi yalisimamishwa katika sehemu zilizohusika. Lakini kumbuka wakati wenyewe. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa mwaka 1952, na maelfu ya watu walikuwa vizuizini. Ardhi ilipimwa na kugawanywa hali wao hawapo kusema, "Hapa ni pangu." Huko Fort Hall, ambako leo ni Murang'a, kasoro zilizidi hata ikabidi kazi irudiwe. Isitoshe, sheria ya ardhi iliyoandikishwa ya mwaka 1963 ilisema kwamba uandikishaji wa kwanza hauwezi kurekebishwa na mahakama, hata kama ulipatikana kwa hila. Hivyo wako waliorudi makwao wakakuta mlango umekwisha fungwa.

Sasa nataka uangalie jambo moja ambalo wengi hawalijui. Wenye mashamba waliagizwa kupanda nyua mipakani, na ramani nyingi zikatengenezwa kwa kufuata nyua hizo zilivyoonekana katika picha zilizopigwa kutoka angani. Kwa hiyo ramani hizo zilionyesha mpaka kwa kukadiria tu. Alama ya kweli ilibaki pale pale shambani. Mtu aliyehamisha ua wake hatua tatu hakuiba hatua tatu za udongo tu. Aliharibu na ushahidi wenyewe. Ndiyo maana sheria ya 1963 ilimpa msajili wa ardhi kazi ya kuamua mpaka wenye shaka, ikakataza mahakama kupokea shauri la mpaka kabla msajili hajauonyesha mpaka huo.

Hata hivyo, watu hawakuacha kuwatamani wazee. Sheria ya mwaka 1981 iliwarudishia wazee kazi ya kuamua baadhi ya magomvi ya ardhi, na sheria ya mwaka 1990 ikaunda mabaraza maalum ya magomvi hayo. Njia ya kuyaendea ilikuwa nyepesi. Mdai alipeleka madai yake kwa baraza la mahali ardhi ilipo, akieleza kwa ufupi mambo yaliyotokea. Nakala alipewa mdaiwa, ili naye ajibu. Kisha mwenyekiti na wazee wawili au wanne waliketi kuwasikiliza wote wawili. Uamuzi ulipelekwa kwa hakimu ili upate nguvu ya hukumu, na asiyeridhika alikuwa na siku 30 za kukata rufani kwa kamati ya mkoa.

Basi, mbona mabaraza hayo hayapo tena? Sheria iliyapa mambo matatu tu: mipaka na mgawanyo wa ardhi, madai ya kukaa au kulima, na kuingia katika ardhi ya mtu bila ruhusa. Lakini mara nyingi wazee walioitwa kuamua ua uko wapi waliishia kuamua shamba ni la nani, hata pale mwenye shamba alipokuwa na hati mkononi. Maamuzi mengi ya namna hiyo yalibatilishwa na Mahakama Kuu, na aliyedhani ameshinda akajikuta amepoteza miaka na fedha. Mwaka 2011 sheria iliyounda Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyafuta mabaraza hayo. Sheria ya uandikishaji wa ardhi ya mwaka 2012 ikamwachia msajili neno la kwanza juu ya mpaka wa ardhi iliyoandikishwa, nayo inahesabu kuwa ni kosa kuharibu au kuhamisha alama ya mpaka. Wazee nao hawakusahauliwa, kwa maana Katiba ya mwaka 2010 inazihimiza mahakama kukuza njia za upatanisho na desturi njema za kumaliza magomvi.

Katika safari hii ndefu utaona kwamba kila baraza liliheshimiwa lilipokaa ndani ya mamlaka yake, na likaanguka lilipoyavuka, sawasawa na jirani avukaye mpaka. Utaona pia kwamba haki ilipotea zaidi pale ambapo mtu hakupewa nafasi ya kusema. Wahenga walinena, "Dawa ya moto ni moto," lakini neno hilo halifai mpakani. Ukikuta jirani amesogeza ua, usiung'oe. Mwite, mwonyeshe, itaneni na wazee wanaopajua, na mkikubaliana, andikeni mapatano yenu. Mkishindwa, peleka maombi kwa msajili, uache alama zote kama zilivyo. Shauri litakwisha siku moja, lakini jirani yako ataamka kesho yake ng'ambo ya ua ule ule, na itakubidi umwamkie.