Burundi: Amani Hukamilika Shambani



Leo tutazungumza juu ya jirani yetu Burundi. Mwaka 2015 Warundi walikimbilia kwetu, wengi wakapokelewa Lusenda, katika Fizi. Mwaka 2025 ilikuwa zamu yetu: maelfu ya Wakongomani walivuka mto Ruzizi kutafuta usalama kwao. Tunapokeana namna hiyo tangu zamani, lakini historia ya jirani huyu hatuifahamu vya kutosha. Nayo ina fundisho moja linalotuhusu sana: mkataba wa amani hutiwa sahihi na wakubwa mezani, lakini amani yenyewe hukamilika au huvunjika kwenye mpaka wa shamba.

Kwanza tutazame nchi yenyewe. Burundi ina kilomita za mraba 27,834. Kivu ya Kusini peke yake inaizidi mara mbili. Upande wa magharibi kuna ziwa Tanganyika na tambarare ya Imbo, inayotazamana na tambarare yetu ya Ruzizi. Kutoka hapo milima hupanda mpaka kwenye mgongo unaogawa maji: upande mmoja yanashuka kuelekea mto Kongo, upande mwingine yanaelekea mto Nile. Baada ya mgongo huo ni vilima vingi vya katikati, kisha nchi hushuka tena mashariki, katika Kumoso, mpakani mwa Tanzania. Kwa desturi watu hawajengi nyumba zilizobanana. Kila jamaa hukaa katika boma lake, kati ya migomba na shamba lake, juu ya kilima. Wahutu, Watutsi na Watwa wote husema Kirundi, na tangu kale wamekaa kwenye vilima vile vile.

Burundi haina bahari. Bidhaa zake hupita Kigoma na reli ya Dar es Salaam, ama barabara ndefu za kufika pwani. Watu wengi sana ni wakulima wa maharagwe, ndizi, mihogo, mahindi na viazi vitamu. Kahawa, iliyoenezwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930, pamoja na chai, ndizo zilizoiletea serikali fedha za kigeni kwa miaka mingi. Rumonge, kando ya ziwa, wanakamua mawese. Hesabu ya mwaka 2008 ilikuta watu milioni 8, nao wameongezeka sana tangu hapo. Shamba la familia nyingi halifiki hata hekta moja. Baba mwenye wana watano atawagawia nini? Basi mwaelewa, ndugu zangu: mtu akifukuzwa kwake, shamba lake halikai wazi muda mrefu.

Tuingie sasa katika historia. Burundi ilikuwa ufalme kabla ya wazungu kufika. Mwaka 1903 Wajerumani walimlazimisha mwami Mwezi Gisabo akubali utawala wao. Wabelgiji waliichukua nchi mwaka 1916, na mwaka 1925 wakaiunganisha kiutawala na Kongo yao, pamoja na Rwanda. Mwana wa mfalme Louis Rwagasore, aliyewaunganisha watu wa kabila zote na kushinda uchaguzi, aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961. Uhuru ulifika tarehe 1 Julai 1962 bila yeye. Mwaka 1966 jeshi likaondoa ufalme.

Mwezi wa Aprili 1972 uasi ulianza kusini, kando ya ziwa, na Watutsi wengi wakauawa. Serikali ilijibu kwa mauaji makubwa zaidi, ikiwatafuta hasa Wahutu waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani. Waliokufa walizidi 100,000. Wengine walikimbilia Tanzania, Rwanda, na kwetu Zaire. Huko Imbo, mashamba yao yalichukuliwa na majirani, mengine serikali ikawapa watu waliotoka sehemu nyingine. Kisha sheria ya ardhi ya mwaka 1986 ikasema kwamba mtu aliyekaa kwenye shamba miaka 30 anaweza kuhesabiwa kuwa mwenyewe. Fanyeni hesabu: kutoka 1972 miaka 30 ilitimia mwaka 2002, wakati wenye mashamba walikuwa bado ukimbizini.

Tarehe 21 Oktoba 1993 rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa na wananchi mwezi wa Juni, aliuawa na askari. Watutsi wengi waliuawa vilimani, kisha Wahutu wengi wakauawa kwa kulipiza kisasi. Safari hii Watutsi wengi walikimbilia kambi za ndani ya nchi, nao wakaacha mashamba yao nyuma. Machozi ya shamba lililopotea hayana kabila.

Mazungumzo ya Arusha yaliongozwa na Mwalimu Nyerere mpaka alipofariki mwaka 1999, halafu na Nelson Mandela. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000. Katiba ya mwaka 2005 iliugeuza kuwa sheria: katika bunge Wahutu 60 kwa mia na Watutsi 40 kwa mia, wanawake wasipungue 30 kwa mia, na katika jeshi kabila moja lisipite nusu. Tusiseme kwamba kila kitu kilitengenea, maana mwaka 2015 watu walikimbia tena. Lakini viti viligawanyika kwa hesabu. Shamba je, lingegawanyika kwa hesabu gani?

Mkataba ulisema kwamba kila mkimbizi na kila mhamishwa arudishiwe mali yake, hasa ardhi, na isipowezekana alipwe fidia ya haki. Mwaka 2006 tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine iliundwa. Mwanzoni mara nyingi iliwapatanisha watu kwa kugawa shamba kati ya aliyerudi na aliyelikuta. Baadaye ilielekea kumrudishia aliyerudi shamba lote. Hapo ugomvi ulipanda, kwa maana wapo walionunua kwa nia njema, na wapo waliopewa na serikali yenyewe. Mwaka 2014 mahakama maalum iliundwa kwa mambo hayo. Wengine hawakurudi tena: zaidi ya wakimbizi 150,000 wa mwaka 1972 walipewa uraia wa Tanzania.

Ndugu wasikilizaji, tuchukue nini hapo?

Kwanza, wenye kuhamishwa, msingoje siku ya kurudi. Andikeni leo jina la kijiji, majirani wa pande nne, mto, mti, jiwe la mpaka, na mashahidi walio hai. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, machifu, shamba la aliyekimbia si zawadi ya kugawa. Anayelilima sasa alilime kwa kuazimwa, mbele ya mashahidi, na iandikwe hivyo. Kwa sheria yetu ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi ni mali ya serikali, na wengi wetu tunalima kwa desturi bila karatasi. Kwa hiyo ushuhuda wenu una uzito mkubwa.

Tatu, tusiwasahau wajane na mabinti. Burundi bado inafuata desturi katika urithi, na mabinti wengi hukosa shamba la baba yao. Kwetu Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 inawapa watoto wote haki sawa, wavulana na wasichana. Chifu anayemnyima binti anavunja sheria.

Nne, aliyenunua kwa nia njema asiitwe mwizi. Asikilizwe, na serikali imtafutie fidia au mahali pengine. Haki ikimrudishia mmoja kwa kumtupa mwingine barabarani, tumepanda vita vya kesho.

Viongozi wakiweka sahihi kwenye karatasi, tuwashukuru. Lakini kazi yetu sisi huanza siku ile, pale majirani wawili wanaposimama kwenye mpaka mmoja na kutafuta pamoja jiwe la zamani.