Stesheni ngapi? Au jinsi babu alivyoishinda hifadhidata yangu

Haya, leo tuweke seva kando tuzungumze juu ya reli. Usikimbie, kompyuta zitaingia humo humo.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikijenga hifadhidata ndogo ya stesheni za reli za Kenya. Hakuna aliyeniagiza, ni kazi ya jioni tu. Nilitaka kitu rahisi: ramani ya kaunti 47, na chini yake mstari wa miaka kuanzia 1896, reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa. Ukisogeza kipanya juu ya mwaka unaona kila kaunti ilikuwa na stesheni ngapi. Nilijipa wikendi moja. Reli za Kenya zenyewe si nyingi, nikajiambia, hii ni kuhesabu tu.

Nilianza na kwetu kwa sababu ndiko rahisi. Meru, nambari 12 katika orodha ya kaunti ya Katiba ya 2010: sifuri. Embu, nambari 14: sifuri. Reli ya upande wa Mlima Kenya ilitoka Nairobi ikafika Thika mwaka 1913, ikasukumwa mbele katika miaka ya 1920 kupitia Murang'a, Sagana, Karatina na Kiganjo, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikafika Nanyuki na kuishia hapo. Yaani ilipita mlima kwa upande wa magharibi. Sisi wa mashariki hatukupata hata taruma moja.

Nilipokwenda nyumbani Embu kwa shughuli ya familia nilibeba laputopu, na kama kawaida yetu sisi watu wa kompyuta, nikaanza kuwaonyesha watu kitu ambacho hakuna aliyeuliza. Babu yangu, upande wa mama, alitazama ramani kwa muda akauliza mbona Embu ni nyeupe.

"Hakukuwa na stesheni, babu."

"Mimi nilipanda garimoshi nikiwa Embu," akasema. "Stesheni yetu ilikuwa Sagana."

Sasa, kila mtu anajua Sagana iko Kirinyaga. Unatoka Embu unapita Kutus, unapita Kagio, ndipo unafika. Nikamjibu kwa ule ujasiri wa mtu mwenye data: "Babu, reli haijawahi kufika Embu. Hiyo ni kaunti nyingine." Binamu zangu wakacheka. Babu akanyamaza, akaomba chai. Ningependa kusema niliona aibu papo hapo, lakini hapana, nilijiona nimesahihisha kosa.

Usiku, watu walipokuwa wameondoka, alinieleza kwa upole kwa nini ana uhakika. Alikuwa kijana wakati wa hali ya hatari, miaka ya 1950. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuweza kusafiri hivi hivi. Ilikuwa lazima uwe na kitabu na ruhusa, na wilaya yako imeandikwa humo. Mtu wa aina hiyo anajua mpaka wa wilaya uko wapi kuliko anavyojua siku yake ya kuzaliwa. Babu alikata tikiti Sagana akiwa bado ndani ya wilaya yake, na mpaka wa Fort Hall aliuvuka akiwa tayari ameketi kwenye behewa la daraja la tatu.

Nilirudi Nairobi nikatafuta, na mzee alikuwa sahihi kabisa. Kabla ya uhuru hapakuwa na wilaya inayoitwa Kirinyaga. Ndia na Gichugu, ambazo ndizo Kirinyaga ya leo, zilikuwa tarafa za Wilaya ya Embu, na Sagana iko Ndia. Ukitazama sensa ya 1962, Mkoa wa Kati una wilaya saba: Embu, Fort Hall, Kiambu, Meru, Nanyuki, Nyeri na Thika. Embu na Meru zote zimo! Kisha ikaja mipaka mipya ya majimbo, na mwaka 1963 Embu ikakatwa. Ndia na Gichugu zikawa Wilaya ya Kirinyaga na kubaki Mkoa wa Kati, wakati Embu iliyosalia ilikwenda Mashariki pamoja na Meru. Nanyuki ikaingia Laikipia, Bonde la Ufa.

Kwa hiyo mwaka mmoja Embu ina stesheni, mwaka unaofuata haina. Hakuna reli iliyong'olewa. Hakuna treni iliyoacha kusimama. Bwana stesheni wa Sagana aliamka asubuhi akapeperusha bendera yake ya kijani kama jana, ila sasa alikuwa mkoa tofauti na makao makuu ya wilaya aliyoizoea. Mkoa wa Kati nao ulipoteza stesheni ya Nanyuki bila mtu kugusa msumari.

Kama mzaha, mwaka huo huo wa 1963 ndio Uingereza ilitoa ile ripoti maarufu ya Dkt. Beeching iliyopendekeza kufungwa kwa stesheni 2,363. Huko watu waliandamana na magazeti yakajaa. Embu ilipoteza ya kwake kwa kalamu na hakuna aliyegundua, mimi mwenyewe nikiwemo, zaidi ya miaka 60 baadaye.

Kosa langu la kiufundi lilikuwa la kitoto. Kwenye jedwali la stesheni nilikuwa nimeweka safu moja inayoitwa "kaunti", kana kwamba kaunti ni sifa ya stesheni kama vile urefu wa jukwaa lake. Si hivyo. Stesheni ina mahali pake duniani, na hapo hapahami. Mipaka ndiyo inayotembea juu yake. Na huku kwetu imetembea sana: Meru ya zamani ilianza kugawanywa mwaka 1992, Embu ikatoa Mbeere mwaka 1996, halafu Katiba ya 2010 ikarudisha ramani karibu na ile ya wilaya za 1992, hivyo Mbeere ikarudi Embu na vipande vingi vya Meru vikaungana tena, huku Tharaka-Nithi ikisimama peke yake. Mtu anayelinganisha "Embu ya 1962", "Embu ya 1999" na "Embu ya 2019" analinganisha sehemu tatu tofauti zenye jina moja. Kwa stesheni ni mzaha. Kwa zahanati, shule au fedha za barabara, mzaha unaisha.

Nilipoanza kushuku safu moja nikazishuku zote, na ndipo wikendi yangu ikawa miezi.

Majina, kwa mfano. Programu yangu ilikuwa ikitambua stesheni kwa jina. Matokeo yake Fort Hall na Murang'a zilihesabiwa mbili. Thomson's Falls na Nyahururu mbili. Broderick Falls na Webuye mbili. Port Florence na Kisumu vivyo hivyo. Nikarekebisha hilo nikafurahi, kisha nikafika mwaka 2017, treni ya SGR ilipoanza kati ya Mombasa na Nairobi, nikakuta tatizo limegeuka kichwa chini. Mariakani, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River: reli mpya ilijenga stesheni zenye majina ya stesheni za reli ya zamani. Programu ikaziona ni zile zile na ikakataa kuziongeza. Kwa hiyo jina moja si stesheni moja, na majina mawili si stesheni mbili. (Nyeri nayo ina vituko vyake: stesheni inayohudumia mji huo iko Kiganjo, si mjini.)

Halafu neno lenyewe. Nilikuwa nimeandika kijiprogramu cha kupekua nyaraka za kikoloni zilizochanganuliwa, kinatafuta "stesheni" kwa Kiingereza karibu na jina la mahali. Kikaniletea Embu mwaka 1906! Nikaruka kwenye kiti. Kumbe hiyo ni boma: Waingereza waliivamia Embu mwaka huo na kuweka kituo cha utawala, na wao kituo cha utawala pia walikiita stesheni. Meru ikafuata miaka michache baadaye, alipokuja Horne. Halafu zikaja za misheni: Kigari 1910, Chogoria 1922, zote "stesheni" kwenye makaratasi. Kwa kipimo cha programu yangu, Embu na Meru zilikuwa zimejaa stesheni miaka mingi kabla ya treni kukaribia mlima. Nikafuta yote. Hata leo ukimwambia mtu tukutane kituoni itabidi useme ni cha basi, cha polisi au cha kupigia kura.

Na hata reli yenyewe inaweza kukataa kuwa reli. Ile njia ya Thika ya 1913 kwenye makaratasi ya wakati ule iliitwa tramu. Ukihesabu kwa kufuata karatasi, Thika haikuwa na stesheni ya reli ilipofunguliwa.

Lakini lililonisumbua kuliko yote ni swali la stesheni hai na stesheni iliyokufa. Ile njia ya Thika hadi Nanyuki, kilomita 178, ilikaa miaka mingi bila treni. Nyasi zikaota, vyuma vikaibiwa, watu wakajenga karibu kabisa na reli. Mwaka 2020 ikafufuliwa, Shirika la Reli likisaidiwa na vijana wa NYS na wanajeshi, na kabla ya mwaka kuisha treni ya abiria ikafika tena Nanyuki. Sasa niambie, katika ile miaka ya ukimya, Sagana ilikuwa stesheni? Jengo lilikuwepo. Ardhi ilikuwa ya shirika. Wenye matatu walipita njia hiyo kila siku na mtaa uliendelea kuitwa stesheni. Treni tu ndiyo haikuwepo. Ukisema stesheni ni jengo, hesabu haikuyumba. Ukisema ni mahali treni inaposimama, laini nzima inashuka hadi sifuri kisha inaruka juu ghafla mwaka 2020, kana kwamba Kenya imejenga stesheni mpya kwa mkupuo. Hakuna jibu la katikati, nimelitafuta.

Na hata ukichagua treni, kusimama kwa ajili ya nani? Kuna vituo vidogo vya njia ya Nairobi hadi Ruiru ambako abiria wa asubuhi wanajazana. Na kuna sehemu kwenye SGR zilizojengwa ili treni zipishane tu, hapapandi mtu wala hashuki mtu. Mhandisi anaziita stesheni bila kusita. Mama mwenye gunia la viazi atakucheka.

Nilichofanya mwisho ni hiki. Nimeivunja ile safu ya kaunti. Kila stesheni ina nambari yake isiyobadilika na nukta yake kwenye ramani. Majina yako kwenye jedwali la pembeni, kila jina na mwaka wa kuanza na wa kuisha. Hali nazo hivyo hivyo: imejengwa, ina abiria, ina mizigo tu, imelala. Mipaka iko kwenye jedwali lake, kila umbo na tarehe zake. Hakuna tena nambari moja inayotoka. Ukiuliza "Embu ina ngapi mwaka 1958?" programu inakuuliza kwanza: kwa mipaka ya wakati ule au ya leo? Inaudhi, najua. Rafiki yangu mmoja aliyeijaribu alisema anataka jibu, si mahojiano. Lakini toleo lililojibu haraka ndilo lililomfanya babu achekwe nyumbani kwake.

Nilimpigia simu Jumapili. Nikamwambia nimeangalia, Sagana ilikuwa Embu, na sasa Embu ya 1958 si nyeupe tena. Nikaomba radhi. Alicheka kidogo tu, akataka kujua mambo ya Meru.

"Wale wa Timau walikuwa wakisema Nanyuki ni stesheni yao," akasema. "Umewaandikia?"

Nikafungua jedwali. Nanyuki, 1962: wilaya yake yenyewe, Mkoa wa Kati. Meru, 1962: Mkoa wa Kati.

"Wilaya tofauti, babu. Mkoa mmoja."

"Basi andika hivyo," akasema.