Kuhamisha duka la mtandaoni bila ya kupoteza wateja

Mwaka 2019 Jiji ilinunua soko la mtandaoni la OLX katika nchi tano za Afrika, Kenya ikiwemo. Muuzaji wa Meru au Embu aliyetegemea OLX pekee alijikuta wateja wake wanapelekwa kwengine, kwa uamuzi asiokuwemo.

Ndiyo maana nawasihi wenzetu wa huko wanaotuuzia makadamia na kahawa huku Pwani: sajili anwani yako mwenyewe ya .co.ke. Ikiwa yako, waweza kutoka WooCommerce kwenda Shopify na mteja akakupata palepale.

Bidhaa, bei na orodha ya wateja huhama kwa faili la CSV. Nywila hazihami. Kurasa za zamani zielekezwe kwenye mpya, ama sivyo anayetoka Google atakuta mlango umefungwa. M-Pesa huunganishwa upya. Ijaribu kwa shilingi 10 kabla ya kufungua. Duka la zamani usilifunge mpaka oda ya mwisho ifike.

Namba za wateja ni amana, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka zilindwe. Kazi ikiisha, hakikisha fundi amefuta nakala yake.