Haipakalemia: Potasiamu Imezidi Wapi?

Mgonjwa wa figo akiambiwa potasiamu yake iko juu, kwa kawaida anasusa ndizi na madafu akidhani amemaliza. Istilahi ya kitabibu ina mengi zaidi. Haipa, kwa Kigiriki, ni kuzidi. Kali inatokana na jina la Kilatini la potasiamu, lenye asili ya Kiarabu, qali, yaani majivu ya mimea. Haina udugu na kali ya pilipili. Emia ni hali ya damu, na hicho kipande cha mwisho ndicho tunachokidondosha tunapotafsiri "potasiamu nyingi mwilini".

Mwilini potasiamu ni nyingi siku zote. Karibu asilimia 98 imo ndani ya seli, hasa za misuli. Katika damu kiwango cha kawaida ni milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita, na kiasi hicho kidogo ndicho kinachogusa umeme wa moyo. Kikipita 6.5 mapigo yanaweza kuvurugika, hata moyo ukasimama, pengine bila dalili yoyote kutangulia.

Tazama matibabu ya dharura. Kwanza mgonjwa hudungwa kalsiamu kwenye mshipa. Hiyo haishushi potasiamu hata kidogo. Inaukinga moyo kwa muda wa nusu saa hadi saa moja. Kisha hupewa insulini, inayoisukuma potasiamu iingie kwenye seli, pamoja na glukosi ili sukari isianguke. Kipimo kinashuka, ndugu wanashukuru Mungu, kumbe potasiamu ingali mwilini, na baada ya saa kadhaa itarudi kwenye damu. Lazima itolewe kwa mkojo, kwa choo au kwa mashine ya kusafisha damu. Kwa hiyo nashikilia "potasiamu kuzidi katika damu", ingawa ni ndefu: anayeielewa hataomba kuruhusiwa mapema.

Nyumbani, viazi vikatwe vipande vidogo, vichemshwe kwa maji mengi ili potasiamu itoke, na maji hayo yamwagwe, yasigeuzwe mchuzi. Dawa kama enalapril, losartan na spironolactone hupandisha potasiamu. Mgonjwa asiziache kwa uamuzi wake, aulize lini atapimwa damu. Na chumvi mbadala zinazouzwa kwa wenye presha asome lebo zake kwanza, kwa kuwa nyingi ni kloridi ya potasiamu.